Mapanki yana mnunuzi, bodi la faiba halina

Sangara akishafika kiwandani Mwanza, hakuna kinachobaki. Minofu inawekwa kwenye barafu na kusafirishwa kwenda Ulaya na kwingineko. Mabondo yanauzwa kwa bei inayoiacha nyama mbali, yakielekea Hong Kong na China. Kichwa na mfupa wake, yaani mapanki, vinakaangwa, vinakaushwa, vingine vinasagwa kuwa chakula cha mifugo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyafanya mapanki yajulikane duniani kote na kuwakera wakubwa wengi nchini. Lakini muuza mapanki hakusubiri filamu, na wala hakusubiri semina. Aliona mzigo upo kila siku, upo sehemu moja, na mlaji hayuko mbali. Hapo biashara ikajizaa yenyewe.

Nayakumbusha haya kwa sababu ziwani kumeingia bidhaa ambayo haina hata moja kati ya sifa hizo tatu. Ni boti ya faiba.

Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi na wafugaji wa Kanda ya Ziwa, kwa mikopo isiyo na riba inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB. Sababu za kuzitaka boti hizo zinaeleweka na yeyote aliyewahi kupanda mtumbwi wa mbao. Mbao zinaachia, maji yanaingia, na safari nzima lazima awepo mtu wa kuyachota kwa kopo. Mbao nzuri zimekuwa ghali, na mtumbwi unadai kuzibwa nyufa kila mara. Bodi la faiba, yaani mwili wa boti hiyo, haliozi, mchwa hawaligusi, na likitunzwa linamaliza miaka 20, 30, wakati mwingine zaidi. Sifa yake ni hiyo hiyo, na kesi yake ni hiyo hiyo.

Mtazame fundi wa faiba akiziba tundu. Kwanza anasugua kingo za tundu kwa grainda mpaka vumbi jeupe linatimka. Vumbi hilo likimwingia shingoni linamuwasha siku nzima, maana ni vipande vya kioo. Kisha anachukua chupa ya maji iliyokatwa nusu, anamimina resini, uji mzito wenye harufu ya kupanda kichwani, anaongeza hadina ya kuigandisha, kidogo sana, asilimia 1 au 2 ya uzito, anakoroga. Kuanzia hapo anakimbizana na muda. Anatandika kitambaa cha nyuzi za kioo, anakilowesha kwa brashi, anakandamiza mapovu yatoke, anatandika kingine juu yake. Resini iliyobaki kwenye chupa inaanza kupata moto bila kuwashwa. Chupa inalainika, inajikunja, na baada ya robo saa hivi ndani yake kuna kitu kigumu kama jiwe.

Hapo mkononi mwa fundi kuna plastiki za aina mbili, na tatizo letu zima limo humo. Chupa imelegea kwa joto. Kesho ikiyeyushwa inaweza kuwa kitu kingine. Resini imepata joto ikawa ngumu, na haitalegea tena. Molekuli zake zimeshikana pande zote, zikawa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Ukiirudisha kwenye moto haiyeyuki, inaungua. Na ndani ya wavu huo zimo nyuzi za kioo, zimenaswa humo moja kwa moja.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Ndoo iliyopasuka, dumu, tangi la maji, mabomba meusi yanayounda vizimba, vyote hivyo vinaweza kusagwa na kuyeyushwa, na kwa vingi kati yake wanunuzi wapo tayari. Chuma ndiyo usiseme. MV Victoria ilianza kazi ziwani miaka ya 1960, na mwaka 2020 ikarudi majini baada ya ukarabati mkubwa, kwa sababu bamba la chuma lililokwisha linakatwa na jipya linachomelewa. Hata ingeshindikana kukarabatiwa, wenye mizani ya vyuma chakavu wangeigombania. Bodi la faiba ukilipeleka kwenye mizani hiyo, utaulizwa umekuja kufanya nini.

Basi linaenda wapi? Njia za sasa ni nne, na zote ni mbaya. Kulichoma, ambako kunatoa moshi mweusi wa sumu na kuacha rundo la nyuzi za kioo ardhini. Kulifukia. Kulitelekeza ufukweni watoto wachezee. Au kulitoboa na kulizamisha. Hii ya mwisho imefanyika sana baharini duniani, kiasi kwamba mwaka 2019 Shirika la Bahari la Kimataifa, IMO, lilitoa ripoti nzima kuhusu vyombo vya faiba vilivyochoka na njia za kuepuka kuvitupa majini. Kule Chichester, kusini mwa Uingereza, kwenye bandari iliyojaa boti za starehe, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta zaidi ya vipande 11,000 vya nyuzi za kioo ndani ya kilo moja ya chaza.

Msomaji wa Mwanza asidhani hiyo ni habari ya Wazungu. Mwaka 2016 Florian Biginagwa na wenzake walichapisha utafiti wa kwanza kuonyesha chembe za plastiki ndani ya samaki wa maziwa makuu ya Afrika. Samaki hao, sangara 20 na sato 20, walinunuliwa sokoni hapa hapa Mwanza. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Sisemi plastiki hiyo ilitoka kwenye boti za faiba. Ninachosema ni kwamba ziwa hili tayari limeshabeba za kutosha.

Sasa twende kwenye fedha, maana hapo ndipo wataalamu wengi huishia njiani. Njia za kurejeleza faiba zipo, na zinajulikana kwa miaka mingi. Unaweza kuisaga na kuutumia unga wake kama kijazio kwenye zege au plastiki nyingine. Unaweza kuichoma bila hewa, resini igeuke gesi na mafuta, nyuzi zibaki. Unaweza kuiyeyusha kwa kemikali chini ya shinikizo. Tatizo ni kwamba nyuzi mpya za kioo hutengenezwa kwa mchanga na chokaa, na kiwandani kilo moja inauzwa dola 1 hadi 2 hivi. Nyuzi zilizopitia moto wa nyuzi joto 450 au zaidi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake au zaidi. Nani atanunua uzi dhaifu uliogharimu zaidi, wakati ulio imara upo na ni rahisi? Kwa nyuzi za kaboni, zile za ndege, hesabu inakubali kwa sababu uzi mpya ni ghali mno. Kwa kioo haikubali. Ndiyo maana Marekani, nchi isiyokosa mitaji, iliishia kukata mapanga ya faiba ya mitambo ya upepo vipande vitatu vitatu na kuyazika kwenye dampo la Casper, jimbo la Wyoming.

Njia iliyokaribia zaidi kujilipa ni ya tanuri la saruji. Kaskazini mwa Ujerumani, kiwanda cha Lägerdorf kimekuwa kikipokea faiba iliyosagwa kwa zaidi ya miaka 10. Ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400, resini inaungua kama mafuta na kupunguza makaa ya mawe, na kioo, ambacho kimejaa silika, chokaa na alumina, kinaingia kwenye klinka, yaani saruji kabla haijasagwa, badala ya mchanga na udongo. Hakuna majivu ya kutafutiwa shimo. Kuna kikomo chake: nyuzi nyingi za kioo zina boroni, na boroni ikizidi saruji inachelewa kushika. Lakini kwa kiasi kidogo mtambo hauoni tofauti.

Mbona basi kwa Mjerumani inawezekana? Kwake kuitupa dampo taka ya namna hiyo ni marufuku, kwa hiyo mwenye nayo analipa ili ipokewe. Tanuri linalipwa mara mbili: kwa kupokea taka, na kwa kuokoa makaa. Hapa kwetu kuacha bodi ufukweni ni bure, na hakuna mtambo duniani unaoweza kushindana na bure.

Tupige hesabu ya Mwanza. Viwanda vyetu vikubwa vya saruji viko Wazo Hill, Tanga, Mtwara na Songwe. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Tuseme bodi moja la mita 10 lina uzito wa tani moja. Lori la kubeba tani 30 litapakia mabodi machache tu yakiwa mazima, na mwenye lori atakudai nauli ya tani zote 30, kwani hewa nayo inachukua nafasi. Safari hiyo haijilipi hata ukipewa faiba bure. Mabodi hayo hayo yakisagwa na kuingizwa kwenye magunia makubwa, lori linajaa kweli kweli na nauli kwa kila bodi inashuka. Kwa hiyo mashine ya kwanza kununuliwa iwe ya kukata na kusaga, na iwekwe huku huku ziwani. Mambo ya tanuri na maabara yatafuata.

Na ziwa lina upendeleo wake ambao Wyoming haina. Bodi lililochoka kwa kuvulia mara nyingi bado linaelea, au linaweza kuzibwa tundu likaelea kwa safari moja ya mwisho. Kutoka Ukara, Kome, Nansio, Musoma hata Bukoba, halihitaji lori. Linafungwa kamba nyuma ya boti inayokuja Mwanza na mzigo wake. Kwa ufukwe wenye vijiji na visiwa vilivyotawanyika namna hii, sijui usafiri mwingine wa bei hiyo. Eneo la kupokelea linajitaja lenyewe: karibu na Bandari ya Mwanza Kusini, ambako reli inafika hadi gatini na meli ya mabehewa, MV Umoja, inapakia kwenda Port Bell, Uganda. Toka hapo mzigo unaweza kushuka Dar kwa reli, au kuvuka kwenda upande wa pili. Uganda ina matanuri ya saruji Tororo na Kasese, na lile la Hima huko Kasese limeshazoea kuchoma pumba za kahawa kupunguza gharama ya mafuta. Kuvusha taka mpakani kunahitaji vibali, na Mkataba wa Basel unataka hivyo. Lakini karatasi hizo zinaandikika.

Tatizo la wingi linabaki. Tanuri halibadilishi ratiba yake kwa ajili ya mabodi 20 kwa mwaka. Hapo inabidi tuangalie jirani. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, uliozinduliwa rasmi Julai 2019, una mitambo 365, na kila mtambo una mapanga matatu. Hayo ni mapanga 1,095 ya kioo na resini, kila moja likiwa na urefu wa takriban mita 25, na umri wa mitambo ya aina hiyo hukadiriwa kuwa miaka 20 hadi 25. Yatachoka wakati ule ule ambao boti za mwaka 2024 zitakuwa zinazeeka. Ongeza boti za watalii za Zanzibar, Mombasa na Mafia. Kila mmoja peke yake ni mteja mdogo wa kupuuzwa. Wakikusanywa chini ya mpango mmoja wa Afrika Mashariki, mwenye tanuri atapokea simu. Na waliotengeneza mapanga hayo wana fedha na aibu ya kutosha kuchangia.

Lakini kabla ya kusaga chochote, kuna fedha nyepesi zaidi ambayo watu wa mazingira huisahau: kutolifanya bodi kuwa taka mapema. Mwanza ni mji wa mawe, na ziwa lake vilevile. Boti nyingi hazitakufa kwa uzee. Zitagonga mwamba, zitapasuka mgongo, na mwenye nayo atakosa fundi. Tundu la ukubwa wa sahani linazibwa kwa kilo chache za resini na vipande vya kitambaa, ukiwa na mtu anayejua kusugua kingo vizuri na kupima hadina. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Nyegezi. VETA wa mafunzo ya ufundi wapo, SIDO wa viwanda vidogo wapo. Vijana 10 kwa kila wilaya ya ufukweni, wenye grainda, barakoa na mizani ndogo ya hadina, wataokoa faiba nyingi kuliko kiwanda chochote, na watalipwa na wavuvi wenyewe.

Bodi lililokwisha kabisa kwa majini nalo halijaisha kwa nchi kavu. Faiba haivuji na haipati kutu. Likikatwa upinde na kuzibwa, nusu yake ni hori la kunyweshea ng'ombe, na Usukumani hatuna upungufu wa ng'ombe. Likilazwa sawa na kuwekewa bomba la kutolea maji, ni tangi la kulelea vifaranga vya sato, biashara inayokua kadiri vizimba vinavyoongezeka. Haya si urejelezaji kwa maana ya vitabuni, na siku moja hori nalo litapasuka. Lakini linaongeza miaka 10 au 15 bila senti ya serikali.

Kuna wanaouliza: kwa nini tusiachane na faiba, tukajenga boti kwa plastiki inayoyeyuka? Jibu limeshapita humu ziwani. Septemba 2018 huko Lamu ilishushwa majini FlipFlopi, jahazi la zaidi ya mita 9 lililotengenezwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kuvalishwa ndala 30,000, chini ya fundi Ali Skanda. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, na Machi 2021 lilianza safari ya Ziwa Victoria kutoka Kisumu. Nalipenda jahazi lile. Limethibitisha kwamba fundi wa kawaida, kwa misumeno na patasi zake, anaweza kuunda chombo kwa mbao za plastiki. Hata hivyo mbao hizo ni nzito kuliko mti na zinanyumbuka zaidi, na mvuvi wa sangara anayehesabu lita za petroli hatabeba uzito usiomletea samaki. Wafaransa wa kampuni ya Arkema wana resini iitwayo Elium, inayomiminwa kama hii ya kawaida lakini inaweza kuyeyushwa tena baadaye. Ni ghali zaidi. Kwa boti za mkopo za leo, faiba ya kawaida ndiyo itakayoendelea kuja, na tupange tukijua hivyo.

Ukizungusha hesabu hii upande wowote, unarudi pale pale: bodi la faiba halitajilipia mazishi yake. Thamani iliyomo ndani ni ndogo kuliko nauli na kazi ya kulisaga. Kuna mtu lazima aongeze fedha, na swali la maana ni nani na lini. Wafaransa wameshalijibu. Tangu mwaka 2009 wana chombo kiitwacho APER cha kuvunja boti za starehe zilizochoka, na tangu 2019 kila boti mpya inayouzwa hulipiwa mchango wa siku yake ya mwisho. Mwenye boti kuukuu akiifikisha kituoni, inavunjwa bure. Nauli ya kuifikisha ni juu yake, na ndiyo malalamiko makubwa. Sisi tumeshasema nauli yetu ni kamba na maji. Kenya nayo, kwa sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, imemtwika mtengenezaji na mwagizaji mzigo wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa.

Kwetu mlango upo wazi kuliko Ufaransa, kwa sababu nyingi kati ya boti hizi zinapita mkononi mwa mkopeshaji mmoja. Tuseme boti ina bei ya shilingi milioni 30. Asilimia 2 ni shilingi 600,000, ikigawanywa ndani ya marejesho ya miaka kadhaa haimkabi mvuvi. Fedha hiyo iwe amana: haiguswi, na inalipwa kwa yeyote atakayelileta bodi hilo kituoni, awe mnunuzi wa kwanza au wa tano. Benki Kuu inauza hatifungani za miaka 20 na 25, umri ule ule wa boti. Fedha ikakae huko badala ya kulala kwenye akaunti. Na namba ya boti isiandikwe kwa rangi, maana rangi inapakwa juu yake. Ichongwe kwenye kalibu, itoke imeganda ndani ya faiba, isiondoke mpaka bodi lisagwe.

Siku bodi bovu litakapokuwa na shilingi laki kadhaa juu yake, hutalikuta limetelekezwa Igombe wala Kayenze. Vijana watalivuta Mwanza usiku kwa usiku. Ni mapanki yale yale, ila mnunuzi wake tumemtengeneza sisi.

Kwa hiyo Wizara ya Mifugo na Uvuvi na TADB waiweke amana hii kwenye mkataba wa awamu inayofuata, pamoja na namba ya kalibu na siku tano za mafunzo ya kuziba faiba kwa kila kikundi. Na wewe mvuvi unayejiandaa kuchukua boti: kabla hujatia sahihi, muulize muuzaji nani atakufundisha kuiziba, resini na kitambaa unavipata wapi hapa Mwanza, na ikichoka ataipokea au hataipokea. Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.